Mwako Si Ambukizo: Istilahi za Matatizo ya Ubamba wa Konea

Katika makala haya tunakusudia kueleza istilahi chache za tiba ya macho, hasa zile zinazohusu matatizo yanayoweza kumpata mtu baada ya kupasuliwa jicho kwa leza. Huenda baadhi ya wasomaji wakauliza kwa nini uwanja mwembamba kama huu upewe kurasa kadhaa, ilhali walimu wangali wanangoja istilahi za masomo ya kila siku. Jibu letu ni kwamba katika uwanja huu tumeona waziwazi jinsi neno moja, likitumiwa kwa mambo mawili, linavyoweza kumfanya mgonjwa atumie dawa ya kumdhuru.

Tulianza kulitambua jambo hili kwa njia ya aibu. Tuliletewa ofisini karatasi ya maelekezo kwa wagonjwa, yenye ukurasa mmoja tu, iliyotafsiriwa kutoka Kiingereza, ili tuihakiki. Mfasiri alikuwa ametumia neno “uvimbe” mahali pawili ambapo matini ya asili ilikuwa na maneno mawili tofauti. Mahali pa kwanza mgonjwa aliambiwa kwamba akipata uvimbe ataongezewa matone ya steroidi. Mahali pa pili aliambiwa kwamba akipata uvimbe matone hayo yatasimamishwa. Sisi tulisahihisha upatanisho wa sarufi, tukarekebisha alama za vituo, tukagonga muhuri, tukairudisha. Siku chache baadaye karatasi ikaletwa tena na muuguzi wa macho, naye akatuuliza: “Ndugu zangu, mgonjwa wangu afuate uvimbe upi?”

Hatukuwa na jibu. Makala haya ni jaribio la kutoa jibu tulilopaswa kuwa nalo siku ile.

1. Konea na upasuaji wenyewe

Hapana budi tueleze kwanza jambo lenyewe, kwa maana istilahi haiwezi kuundwa na mtu asiyekijua kitu kinachopewa jina.

Konea ni ile sehemu angavu iliyo mbele ya jicho, mfano wa kioo cha saa. Katikati yake ina unene wa karibu nusu milimita tu. Tabaka yake ya juu kabisa huitwa epithelia, nayo ikichubuka huota upya upesi. Chini yake kuna stroma, ambayo ni kama sehemu tisa katika kumi za unene wote. Stroma haina mishipa ya damu, na kwa hiyo majeraha yake hupona polepole. Kazi ya konea ni kupinda mwanga ili ukusanyike juu ya retina. Umbo lake lisipolingana na urefu wa jicho, mtu huona ukungu na huhitaji miwani.

Fikra ya kurekebisha kasoro hiyo kwa kuichonga konea iliendelezwa na daktari José Ignacio Barraquer mjini Bogotá, nchini Kolombia. Barraquer alikata kisahani chembamba cha konea, akakigandisha kwa baridi, akakikereza kwa mashine kama afanyavyo mkereza mbao, kisha akakirudisha jichoni na kukishona. Chombo cha kukatia kilikwenda juu ya konea kama randa ya seremala. Jina alilouita upasuaji wake lilitokana na maneno mawili ya Kigiriki, moja lenye maana ya pembe na la pili lenye maana ya kuchonga, kwa kuwa tangu zamani konea imefananishwa na pembe ya mnyama iliyo nyembamba na angavu. Kwa Kiswahili twaweza kusema, bila kupotosha, kwamba ni “uchongaji wa konea”.

Mnamo mwaka 1990 daktari Ioannis Pallikaris, katika kisiwa cha Krete, Ugiriki, alikuwa ameunganisha fikra hiyo na leza ya eksaima, ambayo huondoa chembe za stroma kidogo kidogo bila kuunguza zilizo jirani. Katika njia yake tabaka ya juu ya konea haikuondolewa kabisa. Ilikatwa, ikaachwa imeshikwa upande mmoja, ikafunuliwa kama jalada la daftari, leza ikachonga stroma iliyo chini, kisha tabaka ikalazwa tena mahali pake. Upasuaji huu ndio uitwao lasiki. Siku hizi mahali pengi randa ya chuma imeiachia nafasi leza nyingine, ya femtosekunde, ambayo nayo hukata tabaka hiyo. Lakini tabaka yenyewe imebaki, na matatizo yake yamebaki.

2. Ubamba, bawaba na kifuniko

Tabaka hiyo iliyofunuliwa tuiiteje? Katika tafsiri zilizotufikia tumekuta majina matatu. Wako walioiita “ngozi ya jicho”. Hili halifai, kwani msomaji wa kawaida atadhani ni kope. Wako walioiita “kifuniko”. Hili lina sura nzuri, ila kifuniko cha chungu huondoka chote, hali tabaka hii imeshikwa upande mmoja. Wa tatu waliiita “ubamba”, na sisi tunapendekeza neno hili. Bamba ni kitu kipana na bapa. Ubamba ni kipande chake chembamba. Unene wa tabaka hii kwa kawaida ni kati ya mikroni 100 na 180, na mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Kwa hiyo neno limekaa mahali pake.

Ule upande ulioachwa bila kukatwa hauhitaji neno jipya. Kila fundi wa milango analijua: ni bawaba. Sehemu ya stroma iliyo chini, ambayo ubamba huilalia, tunaiita kitako. Tumelikataa neno “kitanda”, ijapokuwa ndiyo tafsiri ya moja kwa moja, kwa sababu mgonjwa akisoma kwamba kitanda kilisafishwa atafikiria malazi yake ya hospitali. Na pale ubamba na kitako vinapokutana tunapaita maungio.

Bawaba yaweza kukatika kwa bahati mbaya, ubamba ukatoka wote. Jambo hili hutokea zaidi kwa konea zilizo bapa kuliko kawaida. Hapa ndipo lile neno “kifuniko” linapopata kazi yake ya haki: ubamba uliokatika bawaba ni kifuniko. Tiba yake ni daktari kukihifadhi katika unyevu, kisha kukirudisha kwa kufuata alama za wino alizochora kabla ya kukata, ili upande wa epithelia uwe juu na kisizunguke, na kukiacha kishikamane. Konea iliyochongoka sana, kwa upande wake, yaweza kumfanya fundi atoboe ubamba katikati. Hili tunaliita tundu la ubamba. Likitokea, daktari huurudisha ubamba mara moja, hapigi leza siku hiyo, na hungoja miezi kadhaa kabla ya kufikiria njia nyingine. Mfasiri asiandike kwamba upasuaji “umeshindikana”. Aandike kwamba umeahirishwa, kwa sababu ndivyo ilivyo.

3. Kuhama, mikunjo na makunyanzi

Ubamba haushonwi. Hushikamana na kitako kwanza kwa mvuto wa majimaji, kisha epithelia hufunika ukingo wake, na baadaye ukingo huo hufanya kovu. Katikati ya ubamba haponi kwa nguvu ile ya awali hata baada ya miaka mingi. Zimeripotiwa habari za watu ambao ubamba wao ulihama kwa kupigwa jichoni zaidi ya miaka kumi baada ya kupasuliwa. Kwa hiyo sentensi “usifikiche jicho” haipaswi kudhaniwa kuwa adabu tu ya hospitali, wala mfasiri asiilegeze kwa kuandika “jaribu kutofikicha”.

Kuhama kwa ubamba ni jambo la dharura. Hutokea zaidi katika saa na siku za kwanza. Daktari huuinua ubamba, husafisha kitako na upande wa chini wa ubamba ili kuondoa chembe za epithelia, hulainisha na kuulaza upya, na mara nyingi huweka juu yake lenzi laini ya kuhifadhi. Kadiri mgonjwa anavyochelewa, ndivyo ubamba unavyozoea mkao wake mbaya.

Ubamba ukilala vibaya hufanya mistari. Lugha za kigeni zina neno moja la Kilatini kwa mistari hiyo, kisha huongeza viambishi vya ukubwa na udogo. Kiswahili hakina haja ya kufuata njia hiyo, maana kina maneno mawili tayari. Nguo iliyolazwa vibaya ina mikunjo. Ngozi ya mzee ina makunyanzi. Basi mistari mipana inayotokana na ubamba wote kuteleza tuiite mikunjo, na mistari myembamba ya juujuu tuiite makunyanzi. Tofauti hii ina maana katika tiba. Mikunjo hutakiwa kuondolewa mapema, ikiwezekana siku ile ile au ya pili, kwa kuinua ubamba na kuunyoosha. Makunyanzi yasiyoharibu uoni huachwa. Mfasiri akiandika “mikunjo” kwa yote mawili, ama atamtisha mgonjwa bure, ama atamtuliza asiyestahili kutulia.

4. Mwako, ambukizo na maji ya maungio

Sasa tumefika kwenye swali la muuguzi.

Katika juma la kwanza baada ya upasuaji, mara nyingi siku ya kwanza au ya pili, chembe nyeupe za damu zaweza kuingia katika maungio na kutanda. Hakuna kijidudu. Mwili wenyewe umechokozwa, na umetuma askari wake mahali ambapo hakuna adui. Hali hii ilielezwa katika maandishi ya kitabibu mwaka 1998, na madaktari huigawa katika madaraja manne. Katika daraja la kwanza chembe huwa ukingoni. Katika la pili hufika katikati. Katika la tatu hujikusanya na kuganda. Katika la nne stroma huanza kuyeyuka na kuacha kovu. Katika madaraja mawili ya mwanzo tiba ni matone ya steroidi, yakitiwa mara nyingi, pengine kila saa, na jicho kuangaliwa kila siku. Likifika daraja la tatu daktari huinua ubamba na kusuuza maungio. Jambo la kuzingatia ni kwamba jicho laweza kuonekana jeupe na lisiume kabisa.

Tatizo la pili ni vijidudu kuingia katika maungio. Hapa kwa kawaida kuna maumivu, wekundu, kuchukia mwanga, na doa jeupe lililo mahali pamoja. Dalili zikitokea katika majuma mawili ya kwanza, mara nyingi wahusika ni bakteria wa kawaida wa ngozi na kope. Zikichelewa zaidi, hushukiwa kuvu, au bakteria walio jamaa ya wale waletao kifua kikuu. Tiba ni kuinua ubamba mapema, kukwangua, kupeleka kilichokwanguliwa maabara kikaoteshwe, kusuuza kwa antibiotiki, na kutia matone makali ya antibiotiki. Steroidi husimamishwa au hupunguzwa, kwa sababu hudhoofisha kinga ya mwili na kuwapa vijidudu nafasi. Pengine ubamba wenyewe huondolewa ili dawa ifike chini.

Msomaji ameona sasa. Dawa iliyo tiba ya tatizo la kwanza ni hatari katika tatizo la pili. Tafsiri iliyoyaita yote mawili “uvimbe” ilikuwa na upatanisho sahihi wa sarufi, na ilikuwa mbaya.

Neno “uvimbe” lina ila nyingine pia. Katika matumizi ya kawaida hutaja kitu kinachoonekana kwa macho au kushikika kwa mkono, na hospitalini hutumika vilevile kwa vivimbe vya saratani. Katika matatizo haya mawili mgonjwa haoni kitu kilichovimba. Tunapendekeza basi kwamba hali ile ya kwanza, ya mwili kujichokoza bila vijidudu, iitwe mwako wa maungio, na ile ya pili iitwe ambukizo la maungio. Tunajua kwamba katika kemia neno “mwako” limekwisha kutumika kwa kuungua kwa vitu. Hilo halitutii hofu, kwa kuwa istilahi moja yaweza kukaa katika nyanja mbili zisizokutana. Pingamizi kubwa zaidi alilitoa muuguzi yule yule: mgonjwa akisikia “mwako” atangoja jicho liwake moto, na lisipowaka hatakwenda kliniki. Pingamizi hili ni la haki. Tumelijibu kwa kuongeza katika fasili maneno haya: “huweza kuwapo bila maumivu”. Kama kuna msomaji mwenye neno bora, nafasi iko wazi.

Lipo tatizo la tatu ambalo hufanana sana na la kwanza. Mgonjwa ametumia steroidi kwa siku kadhaa au majuma, na kwa baadhi ya watu steroidi hupandisha shinikizo la ndani ya jicho. Shinikizo hilo husukuma maji katika stroma, na maji hukaa katika maungio. Daktari akitazama huona ukungu kama wa mwako. Akidhani ni mwako akaongeza steroidi, huongeza chanzo cha ugonjwa, na mshipa wa fahamu wa jicho waweza kuharibika. Baya zaidi, kipimo cha kawaida cha shinikizo kikiwekwa katikati ya konea chaweza kusoma namba ndogo kuliko ukweli, kwa sababu kinabonyeza maji yaliyo chini ya ubamba. Tiba ni kusimamisha steroidi na kutoa dawa ya kushusha shinikizo. Hali hii tunaiita maji ya maungio. Tumechagua “shinikizo” badala ya “presha” kwa kuwa wasomaji wamekwisha kulizoea katika “shinikizo la damu”, ingawa mfasiri anapaswa kuandika “shinikizo la jicho” kwa ukamilifu kila mara, mgonjwa asije akaenda kupimwa mkono.

5. Jina la mzaha

Mwako wa maungio una jina la mzaha miongoni mwa madaktari wa Marekani, kwa sababu chini ya darubini chembe zile hutanda kwa mawimbi kama vilima vya jangwani. Huuita “mchanga wa Sahara”. Tumekuta jina hili likitafsiriwa neno kwa neno katika maelezo ya mgonjwa. Kwa daktari anayelijua, jina hilo ni picha. Kwa mtu wetu, “mchanga machoni” ni jambo la kila siku la upepo na vumbi, na dawa yake anaijua tangu utoto: hufikicha, au huosha kwa maji ya kata. Kwa ubamba wa siku mbili, vyote viwili ni maangamizi. Hapa tunatoa kanuni: tamathali ya lugha ya kigeni isitafsiriwe katika maandishi ya tiba isipokuwa mfasiri amejiuliza msomaji atafanya nini kwa mikono yake baada ya kuisoma.

6. Uotaji wa ndani

Mwisho, chembe za epithelia zaweza kupenya ukingoni na kuota chini ya ubamba, kama magugu yanavyopenya chini ya sakafu iliyopasuka. Tatizo hili tunaliita uotaji wa ndani. Tumeacha neno “uoto”, kwa kuwa wanajiografia wamelishika kwa maana ya mimea ya nchi. Uotaji mdogo uliokaa ukingoni bila kusogea huangaliwa tu. Ukisogea kuelekea katikati, ukapotosha uoni, au ukaanza kuyeyusha ubamba, daktari huinua ubamba, hukwangua pande zote mbili, na pengine hushona ukingo au kuubandika kwa gundi ya tiba ili chembe zisirudi.

7. Orodha ya istilahi zinazopendekezwa

Ubamba: tabaka nyembamba ya konea iliyokatwa na kufunuliwa, ikiwa ingali imeshikwa upande mmoja.
Bawaba: upande wa ubamba usiokatwa.
Kifuniko: ubamba uliokatika bawaba.
Kitako: sehemu ya stroma ambayo ubamba huilalia.
Maungio: mahali ubamba na kitako vinapokutana.
Tundu la ubamba: kitobo katikati ya ubamba kilichotokea wakati wa kukata.
Kuhama kwa ubamba: ubamba kutoka mahali pake baada ya kulazwa.
Mikunjo: mistari mipana itokanayo na ubamba kuteleza.
Makunyanzi: mistari myembamba ya juujuu katika ubamba.
Mwako wa maungio: kukusanyika kwa chembe nyeupe za damu katika maungio pasipo vijidudu, huweza kuwapo bila maumivu.
Ambukizo la maungio: kuingia na kuzaana kwa vijidudu katika maungio.
Maji ya maungio: majimaji yakusanyikayo katika maungio kwa sababu ya shinikizo la jicho.
Uotaji wa ndani: kuota kwa epithelia chini ya ubamba.

8. Hitimisho

Pengine itasemwa kwamba wanaofanyiwa lasiki katika nchi zetu ni wachache, na kwamba wengi wao husoma Kiingereza. Lakini mgonjwa aliyepasuliwa katika mji mkubwa, au ng'ambo, hurudi kwao. Na jicho linapomsumbua usiku, anayemhudumia ni tabibu wa kituo cha afya kilicho karibu, na anayemsomea karatasi ni mkewe, mwanawe au jirani. Watu hao wanastahili kuelezwa kwa lugha wanayoifikiria.

Karatasi ile tumeiandika upya pamoja na muuguzi, mstari kwa mstari. Mwako una aya yake, na ambukizo lina aya yake. Mwishoni tumeongeza sentensi ambayo haikuwamo katika matini ya asili, naye aliikubali: “Usianze, usiongeze wala usiache dawa ya matone bila kuonana na daktari.” Tunawaomba wafasiri, walimu, na hasa watumishi wa idara za afya, watuletee maoni yao juu ya istilahi hizi kabla hazijapelekwa kusanifiwa. Tunatamani sana kusikia kutoka kwa wale wanaozungumza na wagonjwa kila siku, kwani wao husikia mapema kuliko sisi neno linapokataa kufanya kazi.